Safari ya ziwani ianzie kwenye daftari

Kila asubuhi ufukoni Mulongwe, wavuvi wakirudi na ndagala za usiku, mama wachuuzi huwa wamekwisha kufika na mabeseni yao. Kilomita chache kusini, bandarini Kalundu, boti za mizigo na abiria nazo zinajiandaa kwa safari ya Baraka, ya rasi ya Ubwari, ya Kazimia, na nyingine hadi Kalemie. Mama mmoja anapanda na magunia yake mawili na mtoto mgongoni. Analipa. Magunia yanahesabiwa, kwa sababu kila gunia lina bei yake. Jina la mama haliulizwi, na la mtoto hata halifikiriwi.

Ni hilo jambo dogo ndilo tunalotaka kulizungumzia leo, ndugu msomaji. Kulieleza vizuri itatubidi kwenda mbali kidogo, kwenye mito ya Ulaya, kisha tutarudi nyumbani.

Wengi wetu tuna ndugu waliofika Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa au Ujerumani. Mara kwa mara picha zinatufikia kwa simu: meli nyeupe, ndefu na ya chini, inapita polepole mtoni katikati ya mji, na wazee wamekaa juu wakinywa kahawa. Ni meli za kitalii za mitoni. Kampuni ya utalii inakuuzia safari ya juma moja au mawili kwenye mto Rhine, tuseme kutoka Amsterdam hadi Basel, au kwenye mto Danube, kupita Vienna na Budapest. Unalala humo, unakula humo, na kila siku unashuka kuona mji mwingine. Bei yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola kwa mtu mmoja. Wanaosafiri hivyo wengi ni watu waliostaafu, waliofanya kazi miaka arobaini na sasa wanataka kupumzika.

Mtu wa Uvira akiona picha hizo anaweza kusema: hayo ni ya matajiri, sisi hayatuhusu. Kuhusu kahawa na vitanda, ni kweli. Lakini angalia yule mzee amenunua nini hasa. Mto ni wa bure, hata maskini wa huko anaweza kukaa ukingoni akautazama kutwa. Alichonunua ni ahadi ya kampuni yenye jina na anwani kwamba itampeleka, itamrudisha, na kwamba jambo likiharibika kuna mtu wa kujibu.

Ahadi hiyo haitegemei huruma ya mwenye meli. Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2015 kuhusu safari zinazouzwa kwa pamoja, yaani usafiri, malazi na matembezi kwa bei moja. Kampuni ikitaka kupandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8 baada ya mkataba, msafiri ana haki ya kuacha na kurudishiwa pesa zake. Zikibaki siku chini ya 20 kabla ya kuondoka, bei haipandishwi tena. Kampuni ikifilisika, lazima iwe imekwisha kuweka dhamana ya kuwarudishia watu fedha, na waliokwama njiani warudishwe kwao.

Hata maji yenyewe yanaheshimiwa. Mwaka 2018 ukame uliupiga mto Rhine hadi kipimo cha maji cha Kaub, nchini Ujerumani, kikashuka mwezi wa Oktoba hadi sentimita 25. Meli nyingi hazikuweza kupita hapo. Kampuni za utalii ziliwashusha watu, zikawapakia kwenye mabasi, zikawapeleka kwenye meli nyingine iliyokuwa ikingoja upande wa pili. Wateja walinung'unika, na wengine walidai fidia. Pamoja na hayo, nahodha hakuambiwa «jaribu tu, Mungu yupo».

Msomaji asidhani tunaisifu Ulaya kana kwamba huko watu hawazami. Usiku wa tarehe 29 Mei 2019, mvua ikinyesha mjini Budapest, boti ndogo ya matembezi iitwayo Hableány iligongwa na meli kubwa ya kitalii, Viking Sigyn, karibu na daraja la Margit. Ilizama kwa sekunde chache. Hakuna abiria aliyekuwa amevaa jaketi la kuokoa maisha. Watu 7 tu ndio walioponyeka.

Lakini tazama kilichofuata. Kabla ya kupambazuka ilikuwa imejulikana kwamba ndani walikuwa watu 35: Wakorea Kusini 33, yaani watalii pamoja na waongozaji wao, na Wahungari 2 waliokuwa wakiendesha boti. Majina yao yalikuwa kwenye orodha. Korea Kusini ilituma wapiga mbizi wake. Boti ilinyanyuliwa kutoka chini ya mto mwezi uliofuata. Miili ilitafutwa majuma kwa majuma, ikapatikana 27, na ikajulikana wazi kwamba mtu mmoja bado hajaonekana. Mwaka 2023 mahakama ya Budapest ilimhukumu nahodha wa meli kubwa kifungo cha miaka mitano na miezi sita.

Kwa hiyo, hata kwa matajiri ajali inatokea. Tofauti iko kwenye siku ya pili yake. Kule watu waliuliza ni nani amekufa na ni nani mwenye kosa, na maswali yote mawili yalipata jibu. Kwetu tunabaki tukiuliza swali la chini zaidi: walikuwa wangapi?

Turudi kwenye ziwa letu. Desemba 2014, meli ya Mutambala, iliyokuwa imetoka Kalemie ikielekea huku Uvira, ilizama Tanganyika. Waliokufa walizidi 100. Viongozi walitaja upepo mkali na mzigo uliopita kiasi. Huku Uvira familia zilingoja habari, kila moja ikihesabu kwa vidole ni nani alisema atapanda na ni nani alisema ataahirisha.

Miaka kumi baadaye, tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka kwenye ziwa Kivu ikiwa karibu kabisa kufika bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliosimama ufukoni. Abiria walikuwa wamelazimika kupita majini kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara. Gavana wa Kivu Kusini alitaja vifo 78 na abiria 278. Upande wa Kivu Kaskazini zikatolewa hesabu nyingine, zilizo ndogo zaidi. Siku zilipita, na raia hakujua aamini ipi. Kati ya hesabu hizo kuna makumi ya watu. Mtu aliyeacha mke, deni, shamba na watoto shuleni anakuwa tofauti ya hesabu kati ya majimbo mawili.

Hapo ndipo ubaya wa kupanda bila jina unapoonekana. Mjane asiye na uthibitisho kwamba mume wake alikuwa ndani ya boti hawezi kudai kitu kwa mwenye boti wala mahakamani. Hata kufanya matanga vizuri anashindwa, kwa sababu jirani mmoja anamwambia: «Labda alishuka njiani, labda yuko Kalemie.» Tunajua familia zinavyoishi na «labda» kwa miaka.

Kuna wanaosema: sisi ni maskini, tuko katika vita, mambo ya orodha na dhamana yangoje amani na maendeleo. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini hatukubaliani nayo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni historia ya mto wenyewe. Kanuni za Rhine hazikuletwa na amani ya muda mrefu. Tume ya usafiri wa mto huo ilitokana na mkutano wa Vienna wa mwaka 1815, mara tu baada ya vita vya Napoleon, na mkataba wake wa Mannheim ulitiwa saini 1868. Miaka miwili baadaye Ufaransa na Ujerumani zilianza kupigana, zikapigana tena 1914, zikapigana tena 1940. Leo tume hiyo bado ipo, makao yake yako Strasbourg, ukingoni mwa mto uleule waliopigania. Nchi zilizouana kwa mamilioni zilielewa kwamba maji ya pamoja yanataka kanuni za pamoja. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na linagusa nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura, ng'ambo tu ya hapa kwetu. Mkataba huo unahusu zaidi samaki, udongo na uchafu. Abiria naye anastahili meza moja katika mazungumzo hayo.

Sababu ya pili iko karibu zaidi, na wazee wa Uvira wameiona kwa macho. Meli ya Liemba, ambayo kila mtu wa ziwa hili anaijua, iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, na kiwanda cha Meyer. Ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwenye masanduku hadi Kigoma, ikaunganishwa, ikashushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 ili isichukuliwe na adui. Waingereza waliifufua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kundi hilohilo la Meyer leo linaunda meli za kitalii, na kiwanda chake cha Rostock kimeunda nyingi kati ya hizo meli ndefu nyeupe za Rhine na Danube tunazoziona kwenye simu. Meli ya wazee wale na meli ya babu zetu ni za ukoo mmoja.

Sasa kumbuka mwaka 1997. Vita ya kumwondoa Mobutu ilikuwa imewatupa ndugu zetu wengi ng'ambo, Tanzania. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliikodi Liemba, na kwa muda wa miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000. Waliorudi walikuwa watu wasio na kitu, waliobeba sufuria na mikeka. Lakini mkimbizi harudishwi na shirika hilo bila kuandikwa: jina, familia, anakotoka, anakokwenda. Kilichohitajika kwa kazi hiyo kilikuwa kalamu, karatasi na mtu aliyewajibika.

Tufikirie hilo kidogo. Tulipokuwa wakimbizi tulikuwa na majina kwenye orodha ya meli. Tulipokuwa raia kwetu, kwenye ziwa letu wenyewe, tumekuwa mzigo unaohesabiwa nyuma ya magunia.

Kwa hiyo umaskini si jibu lote. Daftari la kurasa mia moja bei yake ni ndogo kuliko nauli ya mtu mmoja hadi Baraka. Tukubali kwamba kuna sababu nyingine za orodha kukosekana, na tuziseme bila kuogopana.

Mwenye boti anaiogopa orodha kwa sababu inafichua abiria wa ziada. Inamwonyesha pia mkusanya ushuru hesabu kamili, na kila anayepita bandarini anajua kwamba meza za ushuru ni nyingi. Abiria naye anaiogopa. Katika nchi ambayo watu wamewahi kushushwa njiani kwa sababu ya jina au kabila, si kila mtu anafurahi kuona jina lake limeandikwa kwenye karatasi ambayo haijui itaishia mikononi mwa nani. Hofu hizi zote mbili ni za kweli. Orodha isiyozijibu itakufa baada ya juma moja, kama makatazo mengi yanayotangazwa baada ya ajali: marufuku kusafiri usiku, kila mtu avae jaketi, boti mbovu zifungwe. Tunayasikia redioni, tunayapongeza, mwezi unapita, boti inajaa usiku kama kawaida.

Mapendekezo yetu ni haya, na hakuna hata moja linalongoja msaada wa kutoka Kinshasa wala Ulaya.

Kwanza, orodha iwe na mambo matatu tu: jina, mtaa au kijiji, na namba ya simu ya ndugu anayebaki nyumbani. Kabila lisiandikwe kabisa. Watoto waandikwe, hata anayenyonya. Kwenye ajali nyingi mtoto wa mgongoni ndiye anayesahaulika, kwa sababu hakulipiwa nauli.

Pili, orodha iandikwe mara mbili, na nakala moja ibaki nchi kavu. Somo hili majirani zetu wa Tanzania walilipata kwa machungu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kwenye ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, walikufa watu 228. Kilikuwa kimeundwa kubeba watu 101. Viongozi walieleza kwamba mkata tiketi alikufa pamoja na abiria wake, na mashine yake ya tiketi ikapotea majini. Orodha inayosafiri peke yake inazama pamoja na watu.

Tatu, nakala ya nchi kavu isishikwe na mkusanya ushuru. Ishikwe na kamati ya bandari yenye mtu wa ofisi ya komiseri wa ziwa, mtu wa chama cha wenye boti na mtu wa mashirika ya raia. Boti ikifika salama na simu ikipigwa, karatasi ichomwe. Hivyo hofu ya ushuru inapungua, na hofu ya kuwindwa kwa jina inapungua pia.

Nne, idadi ya watu ambayo boti inaruhusiwa kubeba iandikwe ubavuni kwa rangi, kwa tarakimu kubwa, mtu asiyejua kusoma vizuri aione akiwa ufukoni. Na jaketi la kuokoa maisha liwe sehemu ya nauli. Mtu akilipa, akabidhiwe jaketi kabla ya kupanda. Yakiisha majaketi, nafasi zimeisha.

Tano, nahodha awe na haki ya kusema «leo hatuondoki» bila kupoteza kazi. Kila mvuvi anajua kwamba kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki hulichafua ziwa hili. Kampuni za Rhine hupoteza pesa maji yakiwa machache, na bado husimamisha meli. Mwenye boti wetu naye atapoteza. Basi wenye boti wakubaliane pamoja kwamba siku ya upepo hakuna anayeondoka, ili mwoga wa Mungu asinyang'anywe wateja na jirani asiyejali.

Tunajua jibu litakalotolewa: abiria mwenyewe ndiye anayelazimisha kupanda boti iliyojaa, kwa sababu ana haraka ya soko, mgonjwa anamngoja, au barabara ya Fizi haipitiki kwa matope na bunduki. Ni kweli. Mama wa magunia mawili hachagui kati ya salama na hatari. Anachagua kati ya hatari ya majini na njaa ya nyumbani. Kwa sababu hiyo hatumwambii asisafiri. Tunawaambia wanaochukua nauli yake kwamba kuchukua pesa ya mtu ni kuahidi, na ahadi inaandikwa. Naye tunamwomba jambo moja tu: kabla ya kutoa nauli, aulize jina lake linaandikwa wapi. Akiuliza peke yake watamcheka. Wakiuliza kumi, daftari litanunuliwa siku hiyohiyo.

Viongozi wa dini nao wana nafasi. Kila Jumapili na kila Ijumaa tunaombea wasafiri. Ni vizuri. Baada ya «amina», mchungaji, padri au shehe anaweza kuuliza ni nani anasafiri juma hili na boti gani.

Tumeanzia Mulongwe, na tumalizie hapo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo zake, ukabomoa nyumba kwa maelfu na kuua makumi ya watu. Wakaaji wa mtaa huu wanajua kutembea asubuhi kwenye matope ukiuliza kila unayekutana naye: «Umemwona fulani?» Mafuriko yale yalikuja usiku, na hakuna aliyeweza kuwaandika watu waliolala kwao. Boti ni jambo tofauti. Inaondoka saa inayojulikana, bandarini panapojulikana, ikiwa na watu waliosimama foleni mmoja baada ya mwingine.

Hakuna kisingizio cha kutojua majina yao.